Matroni Aliyeingilia Mlango wa Nyuma

Siku yangu ya kwanza wodini nilitandika kitanda kimoja mara saba. Kila nilipomaliza, Matroni aliishika shuka kwenye pembe, akaivuta mpaka ikaanguka sakafuni, kisha akasema, bila hasira, "Tena." Wanafunzi wenzangu walikuwa wamejipanga ukutani wakijizuia kucheka, maana kila mmoja alijua zamu yake inakuja. Mara ya saba alivua viatu, akapanda, akalala chali, mikono kifuani, akafumba macho. Alikaa vile mpaka tukaanza kuingiwa na hofu. Halafu akainuka, akanyoosha sare yake.

"Hapa sasa anaweza kulala mtu," alisema.

Tulimwita Matroni hata miaka mingi baada ya kustaafu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mweusi wa kuiva, mwenye mwendo wa mtu anayechelewa pahala, ingawa hakuwahi kuchelewa. Alipostaafu alihamia Darsait, mtaa wa hapa Maskati, jengo moja na sisi, ghorofa ya chini yetu. Hivyo mwalimu wangu akawa jirani yangu, na jirani akawa mtu wa kunywa naye chai baada ya alasiri.

Alipiga pasi kila kitu. Shuka, foronya, mitandio, taulo, hata vitambaa vya kufutia vyombo. Mume wangu alikuwa akinitania kwamba iko siku tutamkuta anapiga pasi mapazia yakiwa bado dirishani, na kwa kweli siku moja nilimkuta amepanda kiti anafanya hivyo hivyo.

"Bi Matroni, utaanguka!"

"Sianguki. Nipe mkono nishuke, kisha unitilie maji kwenye pasi."

Sababu ya pasi ile niliipata kwa vipande, chai baada ya chai, kwani hakuwa mtu wa kukaa akasimulia maisha yake tangu mwanzo. Alikuwa na visa vyake vichache alivyovirudia, na karibu vyote vilitoka katika mji mmoja wa kusini mwa Amerika. Huko ndiko alikokwenda kusomea uuguzi akiwa msichana, akitokea Unguja, wakati ambapo wasichana wengi wa mtaa wao hawajafika hata Dar es Salaam. Chuo cha hospitali kubwa ya mji ule kilimkubali kwa barua. Yeye hakuwa amewapelekea picha. Jina lake lilikuwa la Kiarabu, Kiingereza chake kizuri, mwandiko wake wa kupendeza, na yaliyobaki walijijazia wenyewe.

"Nimefika na sanduku langu," alikuwa akisema, "nimevaa kanzu mpya aliyonishonea mama, mtandio kichwani. Bibi wa ofisini akanitazama uso, akaitazama barua, akanitazama uso tena. Akasema pametokea makosa. Nikamwambia, hakuna makosa, hilo ndilo jina langu. Akasema, makosa si ya jina."

Kule, nyakati zile, watu weusi na weupe walitengwa kwa sheria na kwa mazoea. Hospitali ile iliwapokea wagonjwa weusi katika chumba cha chini ya ardhi, karibu na majiko ya kuchemshia nguo. Daktari mweusi hakuruhusiwa kumtibu mgonjwa wake humo. Alimfikisha mlangoni, akamkabidhi kwa daktari mweupe, akarudi zake. Wauguzi weusi hawakufundishwa kabisa. Matroni alitoka nje akakaa juu ya sanduku lake kwenye ngazi, hana pa kwenda, mpaka teksi moja ikasimama na dereva wake, mzee mweusi, akashusha kioo.

"Akaniuliza, 'Mwanangu, wamekukataa?' Nikasema ndiyo. Akasema, 'Panda. Na sisi tuna spitali yetu.'"

Hapo Matroni aliipiga meza kwa kiganja mpaka vikombe vikaruka, na kila aliposimulia aliipiga vile vile, kama mtu aliyeyasikia maneno yale asubuhi ya siku hiyo.

Hospitali yenyewe, ambako ndiko alikosomea mpaka akahitimu, ilikuwa nyumba ya mbao ya ghorofa mbili, iliyoongezwa wodi za matofali kwa nyuma. Aliianzisha daktari mmoja mweusi, katika nyumba yake mwenyewe, alipochoka kuwakabidhi wagonjwa wake mlangoni kwa watu wengine. Wanawake wa makanisa walipika na kuuza vyakula mpaka wakanunua vitanda. Maseremala walijenga wodi siku zao za mapumziko. Asiyekuwa na cha kutoa alikuja kufua. Gari la wagonjwa la mji halikufika mitaa ya watu weusi, basi mtu aliyekuwa akifanya kazi ya kuzika maiti akalitoa gari lake: asubuhi linachukua jeneza, mchana linachukua mgonjwa.

"Sasa mgonjwa kazimia njiani," Matroni alisema, akianza kucheka kabla hajafika, "anafumbua macho anajikuta mna maua na mapazia meusi. Anapiga kelele, 'Bado! Bado!' Na sie tunampokea mlangoni tunamwambia, 'Bado kweli, baba. Karibu.'"

Pasi aliijulia pale. Wakaguzi, wote weupe, walikuja bila taarifa wakitafuta sababu ya kuifunga. Walipitisha vidole juu ya milango, chini ya vitanda, nyuma ya mabomba. "Hawakupata kitu. Hata siku moja. Tunafua, tunapiga pasi, tunasugua sakafu, sikwambii. Wanaondoka vidole vyao visafi kuliko walivyokuja navyo." Mkuu wa wauguzi wa pale, Mkristo wa kanisani haswa, alimpa Matroni ufunguo wa stoo ya shuka ili apate pahala pa kusali, na akatangaza kwamba atakayegonga mlango ule mwenzao akiwa humo ataosha madirisha ya jengo zima.

Kutoka huko pia alikuja na ukali wake juu ya majina. Katika hospitali ya weupe, alisema, kizee mweusi wa miaka themanini aliitwa na nesi mtoto kwa jina lake la kwanza, au aliitwa "shangazi" na watu wasiokuwa na udugu naye, ili tu wasilazimike kumwita Bibi Fulani. Katika hospitali yao, kila aliyepita mlango aliitwa Bwana au Bibi, hata akiwa mlevi aliyeokotwa njiani. Matroni aliihamishia kanuni hiyo Maskati, alipokuja kufanya kazi Omani. Alipotusikia tunawaita wagonjwa "mama" na "khalti", yaani mama mdogo, ovyo ovyo, alitusimamisha.

"Ana jina?"

"Analo."

"Limeandikwa?"

"Limeandikwa, Bi Matroni."

"Basi soma."

Niliwahi kumwambia kwamba kitanda namba sita analalamika maumivu. Mgonjwa mwenyewe alikuwa fundi wa gereji aliyepondwa mkono na injini. Matroni alinishika bega, akanipeleka mpaka pale, akainama akakigonga kitanda kwa kidole, kwa makini, kama anamchunguza mtu kifua. "Kitanda hiki hakina maumivu," akasema. "Hebu niangalizie, labda aliyelala juu yake ndiye anayeumwa." Fundi mwenyewe alicheka akasahau mkono kwa dakika mbili tatu.

Asidhani mtu kwamba alikuwa malaika. Alikuwa mwizi wa karata, mwizi asiye na haya. Aliificha karata kwenye mkono wa buibui mbele ya macho yetu, na ukimkamata anasema, "Nnakupima kama uko macho." Hakuweza kumstahamilia mtu anayekosea Kiswahili, akiwahesabu watu wa bara kuwa wanakiparura, na aliwarekebisha wageni wake huku wanakula. Na alikuwa na lake jingine, kubwa zaidi, ambalo nitalifikia.

Mimi nami nilikuwa na langu. Baada ya miaka ya zamu za hospitali ya serikali nilihamia kliniki moja ya binafsi kule Ghala, mtaa wa magereji na maghala, nikawa mkuu wa wauguzi na mapokezi, kwa sababu ya saa zake nzuri na watoto wangu kuwa wadogo. Kliniki ile ilikuwa na milango miwili. Wa mbele ulikuwa wa vioo, na ndani yake makochi, kahawa, tende na ubaridi. Wa nyuma ulikuwa ubavuni mwa jenereta, na ndani yake mabenchi ya chuma na feni moja. Mbele waliingia watu wenye bima nzuri. Nyuma waliingia mafundi wa gereji, wapakizi wa maghala, wanawake wa kazi za usafi, wanaoletwa na makampuni yao. Daktari alikuwa mmoja na dawa zilikuwa zile zile, ila wa nyuma hawakuitwa mpaka wa mbele waishe. Kati ya vyumba viwili palikuwa na mlango wa ndani, umefungwa, na ufunguo wake nilikuwa nao mimi.

Nilimtajia Matroni jambo hili siku moja kwa kupita tu, nikilalamika juu ya kelele za jenereta. Aliweka kikombe chini.

"Nani anawaonyesha watu mlango wao?"

"Mapokezi."

"Na mkuu wa mapokezi nani?"

Alinitilia chai nyingine, tukazungumza mambo ya harusi ya mpwa wake, nami nikashukuru kwamba yamepita.

Jumapili yake, saa mbili asubuhi, nikiwa kazini, nilisikia sauti yake chumba cha nyuma. Amevaa buibui lake la kwendea maulidini, limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, mkoba wa kufuma umening'inia mkononi, na pembeni yake Mwajuma, msichana wa Korogwe aliyekuwa akimfanyia kazi za nyumbani. Alikuwa ameshakaa kwenye benchi la chuma, kati ya fundi wa kuchomea vyuma aliyekuwa amejifunga jicho na mwanamke wa usafi mwenye homa.

"Bi Matroni," nilimnong'oneza, "mlango wako ni wa mbele."

"Mlango wangu nnaujua. Nipe namba."

Mudiri wetu, yaani meneja, alikuja mbio kuona Mwomani mtu mzima wa heshima yake amekaa pale. Akamwambia kwa Kiarabu, kwa adabu zote, kwamba hapa ni pa wafanyakazi.

"Mimi nimefanya kazi miaka arobaini," Matroni alimjibu. "Au kazi ya uuguzi haihesabiki?"

"Mbele kuna kahawa, mama."

"Na hawa hawanywi kahawa?"

Akafuma mpaka adhuhuri. Alipoitwa, baada ya watu wote wa mbele, alimwambia daktari kwamba hana ugonjwa wowote ila amechoka kungoja, akatoka. Jumatatu akaja tena. Jumatatu ile ile mudiri aliniita ofisini.

"Yule ni mgeni wako?"

"Ni mwalimu wangu."

"Basi mwondoe. Au muondoke pamoja."

Niliporudi nyumbani siku ile nilipitia kwake, nikamkuta Matroni anasuuza chupa ya kahawa kubwa, ile ya wageni wengi. Nilimwambia nitafukuzwa. Nilimwambia mkopo wa nyumba, watoto, kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sikukwambia ufanye kitu, Salha," alisema. "Mie nnakwenda kukaa tu. Kukaa ni ruhusa."

Jumanne, mbali na Mwajuma, walikuja wanne: yeye na wauguzi wenzake watatu waliostaafu, wanawake wa Ruwi na Darsait, kila mmoja na buibui lake zuri na kapu lake. Chupa ya kahawa, vitumbua, mkate wa mofa, halua kwenye bakuli. Waliwalisha benchi zima. Yule fundi aliyejifunga jicho, Mbangali aliyeitwa Rafiq, akawa anarudi kila siku kubadilishwa bendeji, na akasaidia kumimina. Harufu ya kahawa ya nyuma ilikuwa nzuri kuliko ya mbele, na watu wa makochi wakaanza kuinua vichwa. Jumatano walikuwa sita.

Alhamisi aliingia kwa mlango wa vioo mama mmoja wa Madinat Sultan Qaboos, mtaa wa matajiri, mtu mwenye nafasi yake, na mtoto mgongoni mwa yaya. Alipokuwa akijiandikisha alisikia kicheko kutoka nyuma. Akaniuliza, "Nani huyo anayecheka?" Nilipomwambia, alishika kaunta kwa mikono miwili.

"Huyo ndiye aliyenikalia usiku na mchana nilipotaka kufa na uzazi wangu wa kwanza," alisema. "Yuko nyuma? Kwa nini yuko nyuma?"

Alimchukua mwanawe kutoka kwa yaya, akatoka nje, akalizunguka jengo lote katika jua lile, akaingia kwa mlango wa jenereta. Nikasikia vigelegele. Hakurudi. Mwanamke mwingine aliyekuwa kwenye kochi akamfuata, nadhani kwa udadisi tu, halafu mzee mmoja na mkewe. Baada ya muda chumba cha mbele kilibakia na makochi na mudiri, amesimama katikati, ananitazama.

Mimi nilikuwa nimeshautia mkono mfukoni, ufunguo uko kwenye vidole vyangu. Nakumbuka nilivyokuwa naogopa. Nikaenda mpaka kwenye mlango wa ndani, nikaufungua, nikauegemeza na kiti ili usijirudi. Kisha nikachukua orodha zote mbili, nikaziweka moja juu ya nyingine, nikasoma jina la aliyetangulia kufika.

"Bwana Rafiq. Karibu, daktari anakungoja."

Alipita makochini kwa viatu vyake vya grisi, akiomba radhi kwa kila hatua. Matroni alikuwa anafuma. Hakuinua macho, lakini niliuona mdomo wake ukitabasamu.

Sikufukuzwa. Mudiri alikaa ofisini mpaka saa ya kufunga, kisha akatoka akasema kuwa kwa muda mrefu amekuwa akifikiria kuunganisha vyumba vile, ni jambo la kisasa. Nilimwambia ni fikra nzuri sana. Wiki iliyofuata mabenchi ya chuma yaliondolewa, ukuta ukavunjwa, na mlango wa jenereta ukabaki wa machela peke yake. Mpaka leo, anayepita Ghala akaumwa, anaingia mlango mmoja na mwenzake na anaitwa kwa zamu yake.

Tulisherehekea nyumbani kwa Matroni Ijumaa yake, baada ya sala. Wale wauguzi wote walikuja, wakaimba, wakamwigiza mudiri. Pilau iliandaliwa sebuleni. Mwajuma alipakua, akagawa, akazunguka na maji ya kunawa, kisha akarudi jikoni. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango wa jikoni, kwa hiyo nilimwona akivuta kigoda chake na kujimiminia chai katika kikombe chake cha bati, kile kilichokaa peke yake kwenye ndoano, mbali na vikombe vyetu vya kaure. Hilo ndilo la Matroni nililosema nitalifikia. Nilikuwa nimekiona kikombe kile kwa miaka, kama nilivyouona mlango wa jenereta.

Wageni walipoondoka, Mwajuma alikuja kukusanya sahani. Akasimama.

"Mama, naomba kukuuliza kitu. Usikasirike."

"Sema."

"Pale kliniki tumekaa benchi moja siku tano, mimi na wewe, tumekunywa chupa moja. Sasa hapa nyumbani mbona nakaa kwenye kigoda? Na kikombe changu mbona kiko peke yake?"

Nilitamani sakafu inimeze. Matroni alimgeukia.

"Nani kakufundisha kuuliza hivyo?"

"Wewe, Mama."

Matroni aliinuka akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Mwajuma alianza kulia. Aliniambia nimsaidie kumpigia simu dalali aliyemleta Maskati, maana amejifukuza kazi mwenyewe kwa mdomo wake. Tulikaa jikoni mimi na yeye, tukaosha vyombo, tukavirudia kuviosha. Alasiri ilipoadhiniwa ndipo Matroni alipotoka, macho mekundu, ametawadha, matone ya maji bado usoni.

"Kwetu Unguja," alisema, na alikuwa akisema nasi sote wawili, "palikuwa na kikombe kama kile. Na aliyekinywea alikuwa mweusi kama mie, ila sisi tulijiita Waarabu na yeye tulimwita vingine. Nimekwenda Amerika Mwarabu, nimerudi mweusi, na nkadhani nimeshasoma yote. Kikombe nkakileta huku huku. Sikukiona, Mwajuma. Wallahi nakwambia, sikukiona."

Akakitungua kwenye ndoano. Nilidhani atakitupa. Alikitia chai, akakinywa yeye, amesimama pale pale jikoni, mpaka chini. Kisha akatoa vikombe vitatu vya kaure akaviweka mezani.

Sitaki kudanganya kwamba mambo yalinyooka siku hiyo hiyo. Mwajuma hakupenda meza. Alisema inambidi ale polepole na Mama anamrekebisha Kiswahili kila tonge. Matroni naye aliteleza mara nyingi, akaita jikoni kwa sauti yake ya zamani, akajiuma ulimi, akainuka kwenda mwenyewe. Iliwachukua mwezi au zaidi. Halafu siku moja nilishuka nikawakuta wanacheza karata, wanagombana, na Mwajuma ana karata mbili ndani ya khanga.

"Mwizi!" Matroni alinipigia kelele mlangoni, amefurahi haijapata kuonekana. "Njoo umwone mwizi huyu!"

Mara ya mwisho kukaa naye kwa kituo ilikuwa mwaka huu, Madinat Sultan Qaboos, nyumbani kwa binti yake. Alikuwa amevunjika nyonga na ngazi za Darsait zimemshinda. Mwajuma alihama naye. Alinipigia simu akaniambia nije alasiri na simu yenye kioo kikubwa, kwani Mama anatafutwa na Waamerika.

Kumbe hospitali ile ya mbao ilikuwa imefungwa miaka mingi. Sheria za kutenga watu zilipoondolewa, hospitali kubwa zilifungua milango, wagonjwa weusi wakaenda huko kwenye mashine mpya, na ile yao ikapungua mpaka ikazimika. Matroni aliipata habari hiyo akiwa hapa Maskati, kwa barua ya msichana aliyesoma naye. Hakuwahi kunitajia. Nilimuuliza kama alilia.

"Nililia, kisha nikapika biriani nikawalisha wodi nzima," alisema. "Watu walipigania milango ifunguliwe, ikafunguka. Utalia kwa hilo? Lakini ile ilikuwa nyumba yetu, mwanangu. Tuliijenga."

Sasa wajukuu wa wale maseremala na wale wapishi walikuwa wameinunua tena, wakaitengeneza, na siku hiyo, asubuhi kwao, wanaifungua iwe kliniki. Mwenzake wa zamani, yule aliyemwandikia barua, ndiye aliyewapa namba.

Nikaisimamisha simu kwenye mito. Akaonekana mwenzake huyo, sasa kizee, kwenye kiti cha magurudumu, kofia ya manjano, na nyuma yake watu wamejaa. Wazee wale wawili walitazamana. Halafu yule wa Amerika akasema kitu, Matroni akamjibu, wote wakaangua kicheko kwa pamoja, na mimi sikuelewa hata neno kwa Kiingereza chao cha haraka. Msichana aliyeishika simu upande ule alitembea naye kila pahala: ngazi, madirisha, chumba cha kuzalishia, stoo. Matroni aliuliza maji yanatoka wapi. Aliuliza nani amechagua rangi ile ya ukuta. Mwajuma alikuwa amemshika mkono.

"Na mgonjwa wa kwanza?" Matroni aliuliza. "Ameshafika?"

Msichana akasita kidogo, kisha akaigeuza simu. Katika chumba cha kungojea, chini ya dirisha, alikuwa amekaa mzee mmoja mweupe, mweupe pe, suruali ya kazi, kofia mapajani, peke yake kati ya viti vitupu. Alikuwa akiishi mtaa wa pili. Alitazama huku na huku, hajui anatazamwa na nani.

Matroni aliisogeza miwani. Alimtazama muda ambao ulionekana mrefu sana kwetu.

"Unaumwa nini, Bwana?" alimuuliza.

"Goti, daktari," mzee akasema. "Wiki ya tatu."

"Mimi si daktari, mimi nesi. Linyooshe nilione."

Mzee akanyoosha mguu mbele ya simu. Matroni akamwambia alikunje, alinyooshe, alikunje tena. Akamuuliza linauma akipanda au akishuka. Alipomaliza aliegemea nyuma kwenye mito, akavuta pumzi, na uso wake ulikuwa umefunguka kama wa bibi harusi.

"Umekuja pahala pazuri," akamwambia. "Kaa hapo hapo. Watakuita sasa hivi."